Jina la Watu Si Jezi

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliingia darasani akiwa amevaa sweta ya kijani aliyoinunua katika soko la mitumba la Gikomba, jijini Nairobi. Kifuani palikuwa na picha ya uso wa mtu ulioelekea upande, nywele zimechomekwa manyoya ya ndege na shavu limepakwa rangi. Chini yake palikuwa na maneno mawili: Fighting Sioux. Kwa bahati, mada yetu siku hiyo ilikuwa majina ya jamii na asili yake. Nikamwuliza kijana yule, "Huyu uliyemvaa ni nani?"

"Ni Mhindi Mwekundu, Mwalimu," akanijibu bila kusita. "Ni timu ya chuo fulani cha Marekani."

"Na yeye mwenyewe hujiita nani?"

Darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nalo. Hakuwa na jawabu, wala sikumlaumu. Hata hilo jina "Mhindi Mwekundu" tumelirithi likiwa na makosa ndani yake: Columbus mwaka 1492 alidhani amefika pande za Bara Hindi, Wazungu waliomfuata wakaongeza rangi, nasi Waswahili tukatafsiri kosa na rangi yake bila kuuliza. Lakini swali lile sikuweza kuliacha darasani. Chuo ambacho picha ile ilikuwa yake kilizozana juu ya swali hilo hilo kwa miaka mingi, mzozo ukafika mahakamani, ukafika katika bunge la jimbo, na hatimaye ukaamuliwa kwa sanduku la kura. Ningependa leo, ndugu msomaji, tukitazame kisa hicho. Kina funzo kwa kila mwalimu na kila mwanafunzi ambaye siku moja ataketi katika kamati ya kuamua kama chuo chake kibadilishe nembo yake au kiiache ilivyo.

Huko Marekani karibu kila chuo kina kiumbe ambacho timu zake hujiita kwa jina lake: simba, dubu, tai na kadhalika. Kiumbe hicho huchorwa kwenye jezi, na mara nyingi mtu huvishwa umbo lake akacheza kando ya uwanja ili kuwatia mashabiki hamasa. Kiswahili hakina neno moja linalotosheleza maana hiyo. Nitasema nembo, kwa kuwa ndilo neno tulilolizoea. Hata hivyo, neno wanalolitumia Wamarekani wenyewe limetoka katika Kifaransa, na mzizi wake kusini mwa Ufaransa ni neno lenye maana ya uchawi. Kwa asili, basi, kitu hiki ni hirizi, yaani kitu cha kuleta bahati. Simba akifanywa hirizi ya timu halalamiki. Tatizo huanza pale hirizi inapokuwa watu walio hai.

Chuo Kikuu cha North Dakota kiko katika mji wa Grand Forks, kaskazini ya Marekani, na kilianzishwa mwaka 1883. Hadi mwaka 1930 timu zake zilijiita kwa jina la mnyama mdogo wa mashimoni, jamii ya kuchakuro wetu. Mwaka huo zikabadilishwa jina, zikaitwa Sioux. Gazeti la wanafunzi lilitoa sababu tatu. Kwanza, Wasioux wangefaa kuwaangamiza Nyati, ambalo ndilo jina la timu za chuo hasimu kilichoko Fargo. Pili, walikuwa watu wa vita wenye maumbile ya kupendeza. Tatu, neno Sioux, ambalo hutamkwa "suu", ni rahisi kulitungia vina katika nyimbo za kushangilia.

Tuzitazame sababu hizo kwa makini. Zote tatu zinahusu starehe ya watazamaji. Hakuna hata moja inayouliza wenye jina wanaonaje. Halafu tukumbuke tarehe. Mnamo tarehe 15 Desemba 1890, Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa watu hao, aliuawa na polisi waliotumwa kumkamata katika eneo la Standing Rock. Wiki mbili baadaye, tarehe 29, wanajeshi wa serikali ya Marekani waliwaua watu wa jamii yake zaidi ya 150, wanawake na watoto wakiwemo, kando ya kijito cha Wounded Knee. Nyati, ambao ndio waliokuwa chakula chao, mavazi yao na mahema yao, walikuwa wamekwisha kumalizwa karibu wote kwa bunduki za wawindaji wa kizungu. Kutoka mauaji hayo hadi jina la timu ni miaka 40 tu. Mtoto aliyenusurika akiwa na umri wa miaka kumi alikuwa na hamsini siku wanafunzi wa Grand Forks walipoamua kwamba watu wake wangefaa kuwaangamiza nyati uwanjani.

Tena hilo jina Sioux si lao. Ni kipande cha jina walilopachikwa na majirani na wapinzani wao, Waojibwe. Wafaransa walilisikia, wakaliandika kwa namna yao, kisha likakatwa sehemu ya mbele ikabaki silabi ya mwisho. Juu ya maana yake wanaisimu hawajaafikiana: kwa muda mrefu ilisemwa kwamba maana yake ni nyoka wadogo, ilhali wengine wanalihusisha na watu wasemao lugha ya kigeni. Wao wenyewe, kwa kutegemea lahaja, hujiita Dakota, Lakota au Nakota, neno lenye maana ya marafiki au washirika. Ajabu ni kwamba jimbo lenyewe lilichukua jina hilo la Dakota, ilhali timu za chuo kikuu chake zikachukua lile la kupachikwa.

Sasa tuwasikilize waliolitetea jina, maana haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walisema kwamba nia yao ilikuwa kuwatukuza Wasioux kwa ushujaa wao, na siamini kwamba wengi wao walikuwa waongo. Picha iliyoko kwenye sweta ya mwanafunzi wangu ilichorwa mwaka 1999 na msanii wa asili ya Kiojibwe, na aliichora kwa ustadi na heshima. Watu walioipenda picha hiyo waliipenda kwa dhati.

Lakini mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba maana ya neno haikai katika nia ya aliyelitoa. Hukaa katika vinywa vya wanaolitumia. Chuo kikishalifanya jina la watu kuwa jina la timu, jina hilo si lake peke yake tena, bali ni la hasimu wake pia. Na hasimu uwanjani hana kazi ya kutukuza. Kwa miaka mingi mashabiki wa vyuo pinzani waliimba matusi dhidi ya "Wasioux" na kuyachapisha kwenye fulana. Walikuwa wanaitukana timu, hilo ni kweli. Lakini mwanafunzi wa Kidakota aliyekuwa akisoma katika chuo hicho, mwenye nyanya na wajomba waitwao kwa jina hilo, aliyasikia matusi hayo kwa masikio yale yale anayosikia nayo mihadhara. Chuo hakikuwa na uwezo wa kuyazuia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliosema kwamba jina lile halimdhuru mtu walikuwa, kwa kawaida, wale ambao halikuwa lao.

Hoja ya pili ilikuwa fedha, nayo haikutolewa kwa siri. Tajiri mmoja aliyesoma chuoni hapo, Ralph Engelstad, mmiliki wa nyumba za kamari huko Las Vegas, aliahidi kukijengea chuo uwanja wa mchezo wa magongo ya barafuni kwa gharama iliyopita dola milioni 100. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, jina lilipokuwa likijadiliwa upya, alimwandikia mkuu wa chuo barua akimwonya kwamba jina likiondolewa ataacha ujenzi. Siku chache hazikupita kabla bodi ya elimu ya juu ya jimbo kupiga kura kwamba jina libaki. Uwanja ukafunguliwa mwaka 2001, na ndani yake ile picha ya mtu mwenye manyoya ikawekwa mara maelfu, vitini, ukutani na hata katika sakafu ya marumaru.

Hapo naona funzo la kwanza kwa vyuo vyetu, ambavyo navyo huishi kwa misaada. Fadhila ya mfadhili ni jambo jema, lakini mfadhili akiwa ndiye anayeamua nani aitwe nani, kamati ya chuo haina kazi. Na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1930 kubadilisha jina kulihitaji rangi na kitambaa tu. Miaka 70 baadaye kulihitaji kuchimbua marumaru.

Mwezi wa Agosti mwaka 2005 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kilitoa uamuzi kuhusu vyuo 18 vilivyokuwa na nembo za wenyeji wa asili: kwamba havingeruhusiwa kuandaa mashindano yake ya ubingwa wala kuonyesha nembo hizo humo. Jimbo la North Dakota likaenda mahakamani. Mwaka 2007 wakapatana: chuo kipewe miaka mitatu kitafute idhini ya jamii mbili za Wasioux zilizo jimboni, Spirit Lake na Standing Rock. Idhini ya zote mbili ikipatikana, jina libaki. La sivyo, liondolewe.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo jambo linapokuwa gumu. Mwaka 2009 watu wa Spirit Lake walipiga kura, na kama asilimia 67 wakasema jina libaki. Baraza la Standing Rock, eneo alikouawa Sitting Bull, halikutoa idhini wala halikuitisha kura. Nilipoyaeleza hayo darasani, yule kijana wa sweta akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kama wenyewe walikubali, sisi ni nani tukatae?"

Ni swali la haki, nami nilikaa nalo kwa muda kabla ya kumjibu. Walioko Spirit Lake hawakuwa vibaraka. Baadhi yao walikwenda hata mahakamani mwishoni mwa mwaka 2011 kuishtaki NCAA ili jina lisiondolewe. Mtu anaweza kuona fahari katika jina hata kama lilianza kwa dharau, na si kazi ya mhadhiri aliyeko Nairobi kumwambia asione. Lakini jina lile halikuwa la Spirit Lake peke yao. Mali ya ukoo haiuzwi kwa idhini ya ndugu mmoja, hata akiwa na hoja nzuri. Isitoshe, idhini ile iliombwa miaka 77 baada ya jina kuchukuliwa, uwanja ukiwa umekwisha kujengwa na mashabiki wakiwa wamekwisha kukasirika. Anayeombwa ruhusa katika hali hiyo haombwi ruhusa hasa. Anaombwa msamaha, tena anaambiwa autoe haraka. Jamii mbili ndugu zikajikuta zimegawanyika kwa sababu ya ugomvi ambao hawakuuanzisha wao.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 2010 bodi ikaamua jina liondoke. Mwaka 2011 bunge la jimbo likatunga sheria ya kulilazimisha libaki, kisha mwaka huo huo likaifuta. Watetezi wa jina wakakusanya sahihi, na tarehe 12 Juni 2012 wananchi wa jimbo zima wakapiga kura. Kama asilimia 67 wakakubali liachwe. Timu zikacheza bila jina kwa zaidi ya miaka mitatu, hadi mwezi wa Novemba mwaka 2015 zilipochaguliwa jina la kipanga, yule ndege mwindaji. Uwanja ungali umesimama na michezo ingali inachezwa.

Sisemi kwamba kila chuo chenye nembo ya namna hii lazima kiibadilishe. Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kinaitwa kwa jina la Waseminole mpaka leo. Mwaka 2005 baraza la Waseminole wa Florida lilipitisha azimio la kukiunga mkono, na NCAA ikakiondoa katika orodha yake. Hata mavazi ya yule mpanda farasi anayeingia uwanjani kabla ya mchezo hushonwa kwa idhini yao. Wapo wasioridhika hata hapo, lakini walau kuna mlango wa kubisha. Tofauti kati ya Florida na North Dakota haiko katika uzuri wa picha wala katika wingi wa mashabiki. Iko katika uhusiano kati ya chuo na wenye jina.

Msomaji ataniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Nyani haoni kundule. Mimi ni Mgiriama. Marehemu babu yangu alikuwa akiteremka kutoka Kaloleni kwenda kuuza nazi Mombasa, na huko mjini aliitwa Mnyika, yaani mtu wa porini. Aliitika, kwa kuwa alitaka kuuza nazi zake. Nyumbani hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake hata siku moja. Wamisionari Krapf na Rebmann walilikuta likitumika pwani, na kamusi yao iliyochapishwa mwaka 1887 iliiita lugha yetu Kinika. Katika miaka ya 1940 wazee wetu walichagua jina lao wenyewe, Mijikenda, maana yake miji tisa, na leo hakuna mwalimu anayewaita watoto wetu Wanyika bila kuona haya.

Si sisi peke yetu. Wapokot waliandikwa Suk katika vitabu na katika ramani za serikali ya kikoloni. Wakipsigis waliitwa Lumbwa, na kituo cha reli kikaitwa hivyo mpaka kikapewa jina la Kipkelion. Waogiek wangali wanaitwa na wengi kwa neno lililotokana na Kimaasai, lenye maana ya watu wasio na ng'ombe, kana kwamba mtu hutambulishwa kwa kile asichokuwa nacho. Aliyewahi kuitwa hivyo hahitaji mhadhara kuielewa Standing Rock.

Na kwa wale wanaohofu kwamba jina likibadilika mapenzi yatakufa, nawakumbusha mpira wetu. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya ilitakiwa mwaka 1980, pamoja na klabu nyingine, iache jina la kabila. Ikawa AFC Leopards. Unaweza kuhoji amri ile ya serikali, nami ningekuwa na maswali yangu, kwa kuwa pale wenye jina ndio waliokuwa wenye klabu. Lakini nenda uwanjani leo uwasikie mashabiki wakimwita Ingwe, chui wao, kisha uniambie kama mapenzi yalikufa. Desturi haikai ndani ya jina moja. Hukaa katika watu wanaorudi uwanjani Jumapili baada ya Jumapili.

Vyuo vyetu vinaongezeka, na kila kimoja kinatafuta jina la timu zake na picha ya kuweka kifuani. Naona wengine wakikimbilia ngao, mikuki na mashujaa wa jamii fulani fulani, kwa sababu picha hizo zinavutia. Kwa kamati zitakazokaa juu ya jambo hili, wanafunzi na walimu, naomba maswali matatu yaulizwe kabla ya kura. Je, nembo hii ni ya watu walio hai? Ikiwa si hivyo, chagueni mnyama wenu mkanywe chai. Ikiwa ni ya watu, je, wameulizwa wote, kwa utaratibu wao wenyewe, na kabla ya jezi kushonwa? Na la mwisho: mwanafunzi wa jamii hiyo akikaa upande wa mashabiki wa hasimu siku ya fainali, atasikia nini? Chuo kisichoweza kulijibu swali hilo la tatu bila kuinamisha uso kibadilishe nembo yake mapema, kabla hakijapata mfadhili wa kuichonga katika marumaru.

Wiki iliyofuata yule mwanafunzi alinijia ofisini akaniuliza kama aitupe sweta yake. Nilimwambia asiitupe. Aliinunua kwa pesa zake, na baridi ya Julai jijini Nairobi haimhurumii mtu. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba mtu akimwuliza huyo aliyeko kifuani ni nani, asimjibu tena kama alivyonijibu mimi. "Nitasema ni Mdakota," akaniambia, na akaniuliza kama kuna kitabu cha sarufi ya lugha yao katika maktaba yetu.